Mbwa, Nduma na Maua ya Veranda

(Mazungumzo na wafugaji wa mbwa, Kisumu)

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi kwa kuwaacha mbwa nyumbani, maana ukumbi huu usingetutosha.

Nani humu ndani amewahi kuonja nduma ambayo haijaiva? Naona mikono mingi. Basi ninyi mliowashwa koo mnajua nusu ya mhadhara wangu. Nduma mbichi ina fuwele za oksalati ya kalisi, nyembamba na zenye ncha kali, zinazochoma ngozi laini ya mdomo mara tu unapotafuna. Ndiyo maana mama zetu hawaiondoi jikoni mpaka iive kabisa.

Sasa, nduma ina jamaa zake sebuleni mwenu. Diefenbakia, ile ya majani mapana yenye madoa meupe, ni wa ukoo mmoja nayo. Monstera ya majani yaliyotoboka pia. Filodendroni pia, na ule mmea mtambaazi mnaouweka kwenye chupa ya maji juu ya friji. Wote wana fuwele hizo hizo.

Mbwa akiutafuna mmoja wao, mate humchuruzika, hujipangusa mdomo kwa miguu ya mbele, midomo huvimba, chakula hakitaki, pengine hutapika. Inatisha kutazama. Wenye mbwa hufika kliniki wakiwa wameshatoa hukumu: "Daktari, jirani amemwekea sumu." Sisi watu wa mtaani ni wepesi wa kumtuhumu jirani kabla ya kukagua veranda zetu! Na mara nyingi mbwa huyo hupona. Msuuze mdomo kwa maji, mpe maji au maziwa kidogo anywe, kisha mchunguze anavyopumua. Koo likianza kuvimba, hapo usingoje, mlete.

Lakini ninalotaka mlishike leo ni hili: mmea unaomtoa mbwa mate na kilio si ule wa kuogopwa zaidi. Mbwa akichomwa mdomo, huacha. Ile inayoua haimchomi, kwa hiyo anaendelea kutafuna.

Chukueni saikadi. Wengi huidhani mnazi mfupi, ila si mnazi hata kidogo. Ni wa kundi la kale la mimea isiyotoa maua. Bei yake si ya mchezo, basi mtu akiinunua huiweka mlangoni ili wageni waione. Kila sehemu yake ina sumu, na mbegu ndizo mbaya kuliko zote: moja au mbili zinaweza kumuua mbwa. Sumu hiyo, saikasini, hushambulia ini. Mbwa hutapika siku ile ile, halafu baada ya siku 2 au 3 unaona fizi na macho yamegeuka manjano, na hata damu imeanza kushindwa kuganda. Kufikia hapo mwenyewe ameshasahau kwamba kulikuwa na mbegu zilizotafunwatafunwa pale mlangoni. Mimi, nyumba yenye mtoto wa mbwa anayeota meno, saikadi siitaki hata uani.

Halafu kuna oleanda, ya maua ya waridi au meupe, na mwenzake wa maua ya manjano anayepandwa sana kuwa uzio wa boma, kuanzia huku kwetu hadi Nakuru. Hawa hushika moyo. Sumu yao huzuia pampu ndogo zinazotoa sodiamu nje ya seli na kuingiza potasiamu, na moyo hupoteza mwendo wake: unapiga polepole, unaruka, unasimama. Majani yakikauka sumu haiishi, kwa hiyo ukipogoa uzio wako usiache matawi yakizagaa mbwa wanapochezea. Ojuok, ambayo Waswahili huiita mnyaa, ni ya aina nyingine; utomvu wake huwasha macho na ngozi vibaya, lakini moyo hauushiki.

Shubiri na ule mmea wa majani marefu, magumu, yaliyosimama wima nitayapita haraka. Kutapika, kuhara, siku mbaya kwa zulia lako. Basi.

Mzee pale nyuma ameuliza kama amnyweshe mbwa chumvi au mafuta ya kupikia ili atapike. Hapana, mzee wangu. Chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa, na mafuta ukimmiminia mbwa aliyelegea huingia mapafuni, ukawa umemwongezea ugonjwa wa pili. Makaa ya jikoni yaliyosagwa nayo si dawa. Makaa tunayotumia kliniki yametayarishwa kwa njia maalumu, na kipimo hufuata uzito wa mbwa. Kutapishwa mwachie daktari, kwani kuna wakati kutapika kunafaa na kuna wakati kunadhuru.

Na mama aliyeuliza kama atupe maua yote: la, mama. Diefenbakia ipandishe kwenye rafu asipofika. Saikadi mpe mtu asiye na mbwa wala watoto wadogo. Na siku ukimkuta anatafuna kitu, kata tawi la mmea huo, litie kwenye mfuko pamoja na matapishi kama yapo, uje navyo. Usiponiletea mmea, nitabaki kubahatisha, na saa za mwanzo ndizo ninazozihitaji.