Steringi Anakiri Mapema

Shikamooni wazee wetu mlioketi mbele, na wengine habari za jioni. Nimepewa robo saa kabla picha haijaanza, na aliyenipa amekaa pale anaangalia saa, kwa hiyo sitazunguka. Picha ya leo ni Double Indemnity, ya mwaka 1944, kazi ya Billy Wilder. Jina hilo ni la mambo ya bima: kifungu kinachosema kwamba mtu akifa kwa ajali za aina fulani, zile za nadra, kampuni inalipa mara mbili. Ajali ya treni imo. Hilo la treni mliweke akilini.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulikuwa na sheria moja: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini wa kufa ni adui. Hapa dakika chache tu tangu mwanzo, usiku, steringi anaingia ofisini kwake Los Angeles na jeraha la risasi begani, anakaa mbele ya mashine ya kurekodi sauti na kukiri. Ameua kwa ajili ya pesa na mwanamke. Pesa hakupata, mwanamke hakumpata. Basi, hadithi yote umeshapewa, na bado kuna saa moja na nusu mbele yako.

Inasimuliwa kwamba George Raft, alipofuatwa aigize nafasi hiyo, aliuliza ni wapi steringi anageuza ukosi wa koti na kuonyesha beji ya polisi. Akaambiwa hakuna beji, huyu ni muuaji kwelikweli. Akakataa. Nafasi ikamwendea Fred MacMurray, aliyezoeleka kwenye vichekesho, na kwangu mimi hapo ndipo picha ilipopona. Sura yake ni ya yule wakala wa bima ambaye ungemkaribisha chai.

Na ndivyo anavyoingia nyumbani kwa watu, huyo Walter Neff. Amekuja kuhuisha bima ya gari. Bwana hayupo, mkewe Phyllis yupo, ni Barbara Stanwyck, na anaposhuka ngazi kamera inashuka naye ikiwa imeganda kwenye kikuku cha mguuni. (Naona kina mama wanacheka. Mnajua wenyewe kikuku kinavyosemwa mitaani.) Wigi lake la rangi ya dhahabu limelalamikiwa sana. Mimi silalamiki, mwanamke huyu bandia yake inaanzia nywele. Haupiti muda mrefu, mume anasaini bima ya ajali ya dola 50,000 akidhani anasaini makaratasi ya gari. Akifa kwenye treni, ni 100,000.

Mauaji yenyewe hamtayaona. Mume amekaa kiti cha abiria, mguu umefungwa hogo, mkewe anaendesha, Neff amejificha nyuma. Phyllis anapiga honi mara tatu. Kamera inabaki usoni mwake tu, naye anaangalia barabara. Kisha Neff anapanda treni na magongo akijifanya ndiye marehemu, anaruka kutoka nyuma ya behewa, wanaulaza mwili relini, wanarudi garini. Phyllis anapiga stata. Gari haliwaki. Anapiga tena. Kimya.

Mwaka jana niliangalia picha hii na mpwa wangu, kijana wa bodaboda, ambaye kwa kawaida picha isiyo na rangi humtia usingizi. Gari lilipogoma akakaa wima. Phyllis alipopiga stata mara ya tatu, mpwa wangu akaropoka: "Mjomba, mwambie asipige mfululizo, ataua betri!" Halafu akajishika mdomo. Maiti iko relini, na yeye anawatakia waliomuua safari njema.

Hapo ndipo ninapowapeleka wenzangu, na ndiyo sababu nimewachagulia hii badala ya nyingine zilizo na mafumbo zaidi. Hadithi za nani-kaua hukuweka upande wa mpelelezi. Wilder ameshakwambia nani kaua, kwa hiyo kinachobaki ni wewe kukaa na wauaji na kuona kila kitu kidogo kinavyoweza kuwaponza, hadi unajikuta unawaombea.

Anayewafukuza si polisi. Ni Barton Keyes, mkuu wa madai ofisini kwa Neff na rafiki yake wa karibu, ameigizwa na Edward G. Robinson. Bosi anataka kusema marehemu alijiua, ili kampuni isilipe. Keyes anamporomoshea hesabu: watu wanaojiua kwa sumu, na sumu za aina gani, kwa risasi, kwa kujirusha, mpaka anafika kwenye swali la nani aliwahi kujiua kwa kuruka nyuma ya treni inayokwenda maili 15 kwa saa. Hakuna. Ni hotuba ya takwimu, jamani, na inasisimua kuliko ngumi.

Keyes hana kiberiti kamwe. Kila mara Neff ndiye anayemwashia, njiti anaiwasha kwa ukucha wa dole gumba. Siku moja Keyes yuko kwa Neff na Phyllis anafika. Anasikia sauti, anajibanza nyuma ya mlango ukiwa wazi. Keyes ameshaanza kuondoka, anageuka, anataka moto wa sigara yake. Wenye macho makali watauliza mlango wa nyumba unafungukaje kuelekea koridoni. Kawaida haufunguki hivyo. Wilder alitaka mahali pa kumficha mwanamke, basi fundi akageuza bawaba. Nani kati yetu atakayeshtaki? Kiberiti kinaishia mkononi mwa nani, sisemi.

Mawili ya haraka, naoneshwa saa. Mzee anayesoma kwenye kiti nje ya ofisi ya Keyes, mapema kabisa, ni Raymond Chandler, mwandishi mwenza wa skripti. Na hilo neno film noir, sinema nyeusi, ni la wahakiki wa Ufaransa mwaka 1946, picha za Marekani zilipoingia Paris kwa mkupuo baada ya vita, na hii ikiwa mojawapo. Mtaona weusi wenyewe: mapazia ya vibao yanamchora Neff mistari kifuani kama nondo za jela, kabla hajatenda lolote.

Ni dakika 107. Mimi nitakaa nyuma kabisa, nione nani kati yenu atakanyaga mafuta gari likigoma.