Bakuli, Mstari na Dirhamu 39

Shikamooni wakubwa. Vijana, hamjambo?

Hapa ubaoni nimechora y = x², mkunjo wenye umbo la bakuli, na mstari mnyoofu y = 39 − 10x unaoukata. Vinakutana wapi? Panapo makutano, y ya mstari na y ya mkunjo ni moja. Basi x² = 39 − 10x. Ile 10x ikivuka, alama inageuka: x² + 10x = 39.

Namba hizi sikuzibuni. Ni za Al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya 9, ambaye kitabu chake ndicho kilichotuachia neno aljebra. Hakuwa na x wala grafu. Kisichojulikana alikiita mzizi, na mraba wake akauita mali. Ndiyo, mali hiyohiyo ya kwetu! Tatizo lake lilikuwa hili: mali moja na mizizi kumi ni sawa na dirhamu 39.

Chora mraba wenye upande x. Ubandike mistatili miwili, mmoja kulia na mmoja chini, kila mmoja upana wake 5. Hapo 10x imeingia yote, na eneo zima ni 39. Lakini tazameni kona: kuna pengo la 5 kwa 5. Lizibe kwa 25, upate mraba kamili wa 64. Upande wake 8, ondoa 5, x ni 3. Makutano ni (3, 9).

Mzee aliishia hapo, maana upande wa mraba hauwi hasi. Namwelewa. Nisiyemwelewa ni mwanafunzi mwenye grafu mbele ya macho anayeishia hapohapo. Kipeuo cha 64 ni −8 pia, hivyo x ni −13, na y 169, mbali huko juu kushoto.

Sasa nashusha mstari, mteremko uleule. Badala ya 39 naweka k, na kuziba pengo kunanipa (x + 5)² = k + 25. Kulia kukiwa chanya, makutano ni mawili. k ikifika −25, kunabaki sifuri: mstari unaugusa mkunjo mara moja tu, kwenye (−5, 25). Ishushe hadi −26, unadaiwa mraba ulio sawa na −1. Namba halisi ya hivyo hakuna, na mstari unapita chini ya bakuli bila kuligusa.