Je, kuingia Forest Park ni bure kweli?

Ndugu zangu watazamaji, tangu nilipoweka picha nikipiga makasia Forest Park, hapa St. Louis, Marekani, swali limekuwa moja tu: hivi humo mnaingia bure, au ninawaringia? Wengine wamenikumbusha kwamba juzi nililalamikia pango na leo nimo mashuani. Yote mawili ni kweli, na mashua yenyewe niliikodi kwa saa.

Bustani hii ya ekari 1,300 hivi, iliyofunguliwa mwaka 1876, haina kiingilio, wala bustani ya wanyama, jumba la sanaa na makumbusho ya historia yaliyomo havina. Hata hivyo, wapiga kura wa jiji na kaunti jirani walikubali mwaka 1971 kutozwa kodi ya majengo kwa ajili ya bustani ya wanyama na jumba la sanaa, na makumbusho ya historia yakaongezwa baadaye, na sidhani mwenye nyumba wangu anailipa bila kuihesabu katika pango langu. Kuegesha gari kwenye uwanja wa bustani ya wanyama kuna malipo. Mimi hushuka treni nikatembea.

Kilichoniudhi ni uvuvi. Kutupa ndoana kunaruhusiwa, ila mwenye umri wa miaka 16 hadi 64 lazima awe na kibali cha jimbo. Nilikuwa nimeishi Missouri miezi mitatu, na ukaazi huhesabiwa baada ya siku 30, lakini muuzaji wa duka moja aliukataa mkataba wangu wa pango kwa sababu kitambulisho kilikuwa bado cha jimbo nililotoka, akanitoza bei ya mgeni. Nilishinda kando ya maji tangu asubuhi nikapata samaki mmoja wa ukubwa wa kiganja, nikamrudisha majini.

Kiangazi, ukumbi wa wazi wa maigizo wa Muny, ulio humu bustanini, hutoa bure viti 1,500 hivi vya nyuma kabisa. Tulipanga foleni na hotpoti ya pilau, na kutoka kule juu mwigizaji alionekana kama kidole gumba. Mimi niliridhika; mwenye watoto wadogo apige hesabu zake.

Mmeniomba pia video ya bustani ya wanyama. Katika maonyesho ya dunia ya mwaka 1904 yaliyofanyika hapa, Ota Benga, kijana kutoka Kongo, alikuwa miongoni mwa watu walioletwa ili umati uwatazame. Tundu kubwa la ndege lililojengwa kwa ajili ya maonyesho yale bado limesimama humo. Nimelipita mara mbili, na mara zote mbili kamera niliiacha mfukoni.