Donda Ndugu: Kidonda Kinapokataa Kufunga

ZUHURA: Karibuni tena katika kipindi chetu kutoka hapa Nairobi. Bwana Mutua, Jumapili nilipokuwa nikikata sukuma wiki, kisu kiliteleza kikanikata kidole hiki cha shahada, na kufikia asubuhi kilikuwa kimevimba, chekundu, chenye moto na kinapwita. Nilihofia kwamba vijidudu vimeingia.

MUTUA: Pole sana, Bi. Zuhura. Inawezekana kabisa kwamba hapakuwa na vijidudu, na ulichokihisi ni protini za kinga zikiwa kazini. Seli za juu za ngozi huweka ndani yake akiba ya protini iitwayo interlukini-1. Kisu kinapozipasua, protini hiyo humwagika, nayo huwa mbiu ya mgambo kwa seli jirani. Mishipa midogo hutanuka na kuleta damu nyingi, ndiyo sababu ya wekundu na joto, na maji ya damu hupenya kwenye kuta zake, ndio uvimbe.

ZUHURA: Na wanaoitikia mbiu hiyo ni akina nani?

MUTUA: Saa chache baadaye hufika nyutrofili, seli nyeupe za damu ambazo huvutwa na interlukini-8, humeza bakteria, kisha hufa. Siku ya pili au ya tatu huzidi makrofeji, seli nyingine za kinga zinazomeza vijidudu na seli zilizokufa, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kwangu mimi hapa ndipo penye ajabu ya jambo zima. Makrofeji huanza kwa kutoa protini za kuchochea uvimbe, kama TNF na interlukini-6, lakini inapozimeza nyutrofili zilizokufa hubadilika tabia. Huanza kutoa TGF-beta, inayoziagiza seli ziitwazo fibroblasti zisuke nyuzi za kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, pamoja na VEGF, inayochipusha mishipa mipya ya damu. Seli zile zile zilizokuja kupigana ndizo zinazosimamia ujenzi.

ZUHURA: Mjomba wangu anaugua kisukari, na kidonda cha unyayo wake sasa kina miezi saba. Nyanya hukiita donda ndugu. Nilidhani kinga yake imechoka.

MUTUA: Wengi hudhani hivyo, na inasikitisha, maana mgonjwa huishia kununua dawa za kuongeza kinga ilhali kinga ipo kidondani, imekwama. Makrofeji nyingi hushindwa kubadilika, TNF huendelea kutoka, na vimeng'enya viitwavyo metaloproteinasi huikata kolajeni kabla haijashikamana. Mwaka 1997 Marekani iliidhinisha jeli ya becaplermin kwa vidonda vya miguu vya kisukari. Jeli hiyo ina PDGF, protini ambayo kwa kawaida hutolewa na chembe sahani damu inapoganda, lakini ikipakwa kwenye kidonda kilichojaa vimeng'enya hivyo, nayo huweza kukatwa. Ndiyo maana muuguzi humwondolea mjomba wako nyama iliyokufa, humkataza kuukanyagia unyayo huo, na humsisitizia kudhibiti sukari.

ZUHURA: Kuna dada zetu waliotoboa masikio, na kovu likaendelea kukua hata likalipita tundu lenyewe.

MUTUA: Hiyo ni keloidi, na huwapata zaidi watu wa asili ya Kiafrika. Huko TGF-beta huendelea kuagiza kolajeni hata baada ya ngozi kuziba. Mwenye historia hiyo katika familia amweleze daktari kabla ya upasuaji wowote.

ZUHURA: Nilikuwa karibu kulibandua gaga la kidole changu.

MUTUA: Usilibandue. Osha kwa maji safi, ukaushe taratibu, ufunike. Chini ya gaga hilo seli za ngozi zinatambaa kutoka kingoni kuelekea katikati, na ukilivuta utaondoka nazo. Litakapoanguka lenyewe, kolajeni itaendelea kupangwa upya kwa miezi mingi, ingawa kovu halifikii zaidi ya takriban asilimia 80 ya nguvu za ngozi ya awali.