Kahawa ya Kibarazani na Kashata ya Karanga: Twende Pamoja Mpaka Majirani Wakae

Asalaam aleikum, habari za saa hizi ndugu zangu. Leo tupo kibarazani, Magomeni, Dar es Salaam, na jiko liko hapa mbele yangu. Tunafanya vitu viwili: kahawa chungu ya kwenye dele, lile birika la kahawa, na kashata ya karanga. Nimevichanganya makusudi. Mgeni ukimpa kahawa tupu anakunywa, anashukuru, anaondoka. Ukimwekea na kashata anavua viatu, anavuta mkeka. Na mimi ninachotaka ni akae.

Wanaonijua wanajua nauza kahawa ya unga na kashata hapahapa mtaani. Lakini kama una kinu chako nyumbani, usinunue kwangu, fanya mwenyewe. Ndiyo maana nimewasha simu, tunarekodi video.

Mkaa washeni mapema, kuwasha jiko siwafundishi. Kijana wangu, hebu hamia upande wa ndoo, moshi unaingia kwenye kioo. Hapo hapo. Sasa wanaona.

Hii ni buni. Naishika mkononi muione, bado ya kijani kijani. Nimechanganya mbili: robusta ya Kagera na arabika ya Kilimanjaro. Robusta ni chungu zaidi na ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, kwa hiyo ukiweka yenyewe tupu wazee wako hawalali. Arabika ndiyo yenye harufu. Ukipata ya Mbinga au ya Mbozi ni nzuri vilevile, sibagui. Mimi napenda nusu kwa nusu, wengine watakwambia vingine, onja uamue. Watu wa Bukoba kahawa waliijua kabla ya hizi dele zetu: buni inachemshwa na majani yenye harufu, inakaushwa, halafu mgeni anakaribishwa kwa kutafuna. Kwa hiyo mambo ya kahawa na ukarimu sisi wa pwani hatukuyaanza peke yetu.

Kikaango kikavu, moto wa wastani, koroga bila kuacha. Itageuka njano, halafu kahawia, halafu utasikia inapasuka pa, pa, pa. Usiogope. Endelea mpaka iwe kahawia ya kukoza na ianze kung'aa. Ikifika nyeusi ti, umepata mkaa. Kwa moto huu ni kama robo saa, ikizidi dakika ishirini. Mwaga kwenye ungo hapo hapo, pepeta maganda yatoke, iache ipoe kabisa.

Na kaangia nje. Ndani moshi utakutoa machozi, halafu harufu yote inaishia jikoni kwako. Nje harufu inapita mtaa mzima, hakuna haja ya kumpigia mtu simu. Mmeona? Huyo anayekuja ni Fundi cherehani. Karibu Fundi, bado kabisa, lakini kaa.

Kutwanga: buni vikombe viwili, iliki kama kumi, tangawizi kavu ya ukubwa wa kidole gumba. Wengine huweka na karafuu au mdalasini. Mimi karafuu siweki, inaifunika kahawa. Usitwange mpaka iwe vumbi. Iwe ya chenga chenga ndogo, hivi, kwa sababu vumbi halitulii chini, na mtu atakuwa anakunywa matope. Haya, kinu kimemaliza, tuweke pembeni.

Sasa kashata. Hapa naomba muache mnachofanya mnitazame. Kashata ni rahisi mpaka sukari inapoingia kwenye sufuria. Kabla sukari haijaingia, kila kitu kiwe tayari. Nasema tena: kila kitu. Sinia limepakwa mafuta, hili hapa. Chupa ya kusukumia imepakwa mafuta. Kisu kimepakwa mafuta. Karanga zimekaangwa, zimesuguliwa, zimepepetwa, vikombe vitatu. Iliki iliyosagwa kijiko cha chai, chumvi kidogo sana. Sukari vikombe viwili. Kama hata kimoja kati ya hivi hakipo mkononi, usiweke sufuria jikoni. Nenda kakilete kwanza.

Na watoto wasogee. Sukari iliyoyeyuka ni ya moto kuliko maji yanayochemka, na ikikudondokea inanata kwenye ngozi. Ikitokea, usiivute. Weka mkono chini ya maji ya bomba yanayotiririka dakika ishirini, na kama imeungua sana nenda kituo cha afya. Usipake dawa ya meno. Fundi anacheka, lakini mtaa huu watu bado wanapaka.

Sukari ndani, bila maji. Wapo wanaoweka maji, inatoka kashata nyeupe nyeupe, laini, ni tamu pia. Mimi nataka ile ya kuvunjika kwa meno. Moto mdogo. Koroga taratibu. Itaanza kufanya mabonge, utafikiri imeharibika, haijaharibika. Endelea.

Wakati mabonge yanayeyuka... Shikamoo Mzee! Karibu. Mzee anauliza video inahusu nini. Inahusu sisi, Mzee, kaa hapo. Huyu ni mtu wa Yanga, na Fundi ni Simba, kwa hiyo hamtakosa burudani. Kila jioni tunaanza na nani mkubwa. Yanga wanasema sisi ni 1935, nyie ni 1936. Fundi anajibu kwamba umri si makombe. Mzee anamkumbusha kwamba Simba waliitwa Sunderland mpaka 1971, ndipo wakapata... subirini. Subirini, sukari.

Angalieni. Kijana lete simu karibu, karibu zaidi. Imeshakuwa rangi ya asali. Hii ndiyo saa yenyewe. Toa motoni SASA. Sufuria bado ina moto wake, itaendelea kuipika hata ikiwa chini. Ukisubiri iwe kahawia kabisa ukiwa bado jikoni, ukiitoa itakuwa chungu na itanuka kuungua, na hakuna iliki ya kuiokoa. Rangi ya asali, toa. Usimtazame mtu, usijibu salamu, toa.

Karanga zote kwa mpigo, iliki, chumvi, geuza haraka haraka kila karanga ivae sukari. Kwenye sinia. Chupa, sukuma, sukuma, unene wa kidole. Kisu. Kata sasa hivi ingali laini. Usiseme nipumzike kidogo. Una kama dakika mbili tu, na siku ya upepo kama leo hazifiki. Kata mistari huku, halafu kata mshazari, zitoke zile pembe zetu. Simu ikilia, iache ilie. Ikishakuwa ngumu kisu hakipiti, inapasuka vipande vya ajabu ajabu, na kashata ya vipande haigawiki sawa: mmoja anapata donge, mwingine unga.

Haya. Alhamdulillah. Imekatika yote. Iache ipoe, usiifunike ikiwa ya moto, mvuke utailowesha.

Tupumue kidogo niwaambie kwa nini nang'ang'ania hii shughuli. Nyumba zetu hizi za Kiswahili mnazijua: vyumba huku na huku, ukumbi katikati, ua nyuma, na mbele kibaraza. Hicho kibaraza hakikuwekwa kwa urembo. Hapo ndipo mtaa unapokutana. Mwalimu Nyerere naye aliishi hapa Magomeni, nyumba yake sasa ni makumbusho, nendeni mkaione. Sasa hivi nyumba nyingi zinavunjwa, yanapanda maghorofa yenye geti na ukuta. Siyapingi maghorofa, watu wanahitaji vyumba. Lakini geti likishafungwa, jirani anaumwa siku tatu hujui. Kibarazani tungejua jioni ile ile, kwa sababu nafasi yake kwenye mkeka ingekuwa wazi na mtu angeuliza.

Kwa hiyo unayetazama ukiwa ghorofani: weka benchi nje ya geti. Benchi moja tu la mbao. Saa kumi jioni, jua likishalegea, shuka na dele yako. Ukiwa na bao ni vizuri zaidi. Bao la kete lina mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne, na kete zenyewe ni komwe, huhitaji kununua za plastiki. Huna bao, chora drafti kwenye kipande cha boksi, okota vizibo vya soda, mmoja vya kuangalia juu, mwingine vya kuangalia chini. Wachezaji ni wawili, lakini wanaowafundisha ni kumi.

Turudi jikoni. Maji lita moja kwenye dele, yachemke kwanza. Kahawa vijiko vinne vya chakula. Toa dele motoni kidogo ndipo uweke kahawa, kijiko kimoja kimoja, kwa sababu povu linapanda ghafla. Rudisha. Likipanda, inua. Likishuka, rudisha. Fanya hivyo mara tatu, halafu weka dele pembeni kwenye majivu ya moto, isichemke tena. Nyunyiza matone ya maji baridi juu, mashapo yatashuka. Ngoja dakika tano, usiitikise.

Wakati inatulia, vikombe. Hapa sitanii. Vikombe vyetu ni vichache na watu ni wengi, kikombe kimoja kinapita midomo mingi. Ile ndoo moja ya maji baridi ya kuchovya tangu alasiri mpaka isha, hapana. Maji ya moto na sabuni, halafu suuza kwa maji safi, na maji yabadilishwe. Jiji hili tunajua kipindupindu kinavyoingia mitaani mvua zikinyesha. Mteja akiona unaosha vizuri hachoki kusubiri. Na vikombe vikiwa visafi, ndiyo raha ya kuvigonga hivi... kling, kling. Mmesikia? Hilo ndilo tangazo langu, tangu wauza kahawa wa zamani wanaotembea na dele na vikombe mkononi.

Mimina taratibu, usijaze. Nusu kikombe na kidogo. Kikombe kidogo kinapoa upesi, mtu ananyoosha mkono tena, na kila akinyoosha mkono anabaki dakika nyingine kumi. Wengine wananiomba kikombe kikubwa cha chai. Nawapa, sikatai, lakini mwenye kikombe kikubwa hana sababu ya kukuangalia usoni mpaka amalize.

Sukari kwenye kahawa siweki. Utamu uko kwenye kashata: ng'ata, kunywa, ng'ata. Ukiweka sukari huku na huku, ulimi hausikii kitu.

Cha kwanza ni cha Bibi wa nyumba ya pili, huyo anakuja na mkongojo wake. Shikamoo Bibi. Karanga zitakusumbua meno? Basi wewe nimekuwekea vile vipande vidogo vya pembeni, vimebaki laini. Cha pili Mzee. Fundi subiri, wewe ni kijana.

Na Mjumbe huyo. Karibu Mjumbe. Anasema ana habari ya mtaro. Jamani, mtaro huu wa mbele umejaa chupa za plastiki, na masika yanakaribia. Wa Magomeni tunajua maji ya Bonde la Msimbazi hayabishi hodi. Mjumbe anataka Jumamosi asubuhi kila nyumba itoe mtu mmoja na jembe au chepe. Fundi anasema yupo. Mzee anasema yeye hatoi jembe, atatoa mjukuu. Bibi anasema atapika uji. Mmeona? Hii ndiyo kazi ya kashata. Tangazo la kubandikwa ukutani lingesomwa na watu wawili.

Jambo la mwisho la jikoni, wengi wananiuliza: kahawa ikibaki, nipashe kesho? Hapana. Mashapo yakichemshwa tena yanatoa uchungu mbaya. Mwaga kwenye maua. Unga wa kahawa weka kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, twanga wa wiki moja tu, harufu haingoji. Kashata kwenye kopo la peke yake, mbali na joto, inakaa vizuri, ila kwa nyumba yenye watoto sikuahidi.

Wanaotaka ya tayari, pakiti ninazo na kashata ninazo, njooni alasiri, ulizeni muuza kahawa anayegonga vikombe. Mkifanya wenyewe, nirekodieni kipande cha pale sukari inapogeuka rangi, nataka kuona nani ametoa sufuria kwa wakati.

Fundi, kikombe chako hicho. Hapana Mzee, bao la leo namchezesha Mjumbe, wewe ulicheza jana. Kijana, zima simu, nawa mikono uje unywe.