Makohozi Machungu: Nyongo Inapopanda Kifuani
(Mhadhara kwa wauguzi na maafisa tabibu, Nakuru)

Wenzangu, asanteni kwa kuja. Naona wengine mmetoka zamu ya usiku moja kwa moja. Ugonjwa wa leo ni adimu, lakini ukikujia utadhani ni kifua kikuu.

Ini na pafu la kulia vimetenganishwa na kiwambo tu, ule msuli ulio kati ya kifua na tumbo. Jipu la amiba kwenye ini, uvimbe wa minyoo ya mbwa, jeraha la risasi au saratani vinaweza kukitoboa, nyongo ikapata njia hadi kwenye mirija ya hewa. Daktari Peacock alieleza kisa cha namna hii mwaka 1850, kwa mgonjwa wa minyoo hiyo hiyo. Kwetu si hadithi ya mbali: Turkana ni miongoni mwa maeneo yanayosumbuliwa zaidi na minyoo hiyo duniani. Basi muulizeni mgonjwa amekulia wapi, na kama nyumbani mbwa walilala na watoto.

Atakuja na homa, maumivu chini ya mbavu za kulia, na kikohozi kisichomwacha alale. Mpe kikombe cheupe ateme. Makohozi ni ya manjano au kijani. Sawa, hata ya nimonia huwa hivyo. Sasa muulize yana ladha gani. Akikunja uso na kusema ni machungu, chukua kijiti cha kupima mkojo, kile kile kilicho kwenye droo yenu, ukichovye humo. Kisanduku cha bilirubini, yaani rangi ya nyongo, kikigeuka rangi, umempata. Ila mwenye kumeza rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hutoa makohozi ya rangi ya chungwa, kwa hiyo msiamue kwa macho peke yake. Ultrasaundi itaonyesha ini. Skani ya CT na MRI, picha za ndani ya mwili, zitafuata njia yenyewe ya nyongo.

Na msikimbilie sindano. Uvimbe wa minyoo ukichomwa ovyo, maji yake yanaweza kumuua mgonjwa kwa mzio palepale mezani.

Kwenye tiba, wengi huwaza kufungua kifua kwanza. Mimi nasema tuanze chini. Mara nyingi nyongo hupanda kwa sababu njia yake ya kawaida imebanwa na jiwe, kovu au uvimbe. Ni bomba lililoziba mbele, maji yakapasukia nyuma. Ukishona tundu la juu bila kuzibua, litafumuka. Kwa hiyo kamera hupitishwa mdomoni hadi utumbo mwembamba, mlango wa nyongo hupanuliwa, jiwe hutolewa, mrija mdogo huachwa ndani. Isipowezekana, nyongo hutolewa kwa mrija kupitia ngozi. Jipu hukamuliwa, antibiotiki hutolewa, na wa minyoo hupewa albendazoli. Wengine hupona hapo. Wanaobaki, au ambao pafu limeshaharibiwa na nyongo, ndio wa kisu: kukata sehemu iliyooza na kushona kiwambo.

Barua ya rufaa isiseme "kikohozi sugu" tu. Andikeni ladha, andikeni kijiti kilionyesha nini, na dawa za kifua kikuu alizokwisha kumeza.