Nywele ndizo zilizotwambia

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Asanteni kwa kuja na jua hili lote. Nitaongea Kiswahili cha nyumbani tu, kwa sababu haya mambo yakisemwa kidaktari watu huitikia sawa sawa halafu wanarudi makwao Likoni na Kisauni, hapa hapa Mombasa, hawajaelewa kitu.

Kazi yangu ni utafiti wa magonjwa ya zinaa kwa kina mama. Wengi mwadhani mwanamke akiambukizwa atajua, atatokwa na uchafu, atawashwa, atasikia maumivu akikojoa. Sivyo jamani. Klamidia na kisonono kwa mwanamke mara nyingi hukaa kimya kabisa huku vikipanda mpaka kwenye mirija ya uzazi, na baada ya miaka mtu azunguka kutafuta mtoto, mawifi washamuita tasa, kumbe kilikuwa kitu cha kutibiwa kwa dawa ya wiki moja. Na kliniki zetu nyingi hutibu kwa kuangalia dalili, sasa huyu asiye na dalili atatibiwa na nani?

Ndio maana habari ya kumeza doksisaiklini ili kuzuia magonjwa haya ilitupa moyo sana. Ni antibayotiki ya zamani, ya bei ndogo. Kule San Francisco na Seattle wanaume wanaolala na wanaume walipewa miligramu 200 wameze ndani ya saa 72 baada ya tendo, na maambukizi yakashuka kwa karibu thuluthi mbili. Basi Kisumu wakajaribu na wanawake, 449, wa miaka 18 mpaka 30, wote washaanza PREP ya kuzuia virusi vya ukimwi, nusu wakapewa doksi na nusu wakaendelea na huduma ya kawaida. Majibu yalichapishwa 2023. Maambukizi ya magonjwa ya zinaa yalikuwa 109 kwa jumla, 50 upande wa doksi, 59 upande wa pili. Yaani hakuna tofauti ya kushika. Klamidia peke yake 85.

Niliposoma niliumia. Nikajiuliza, mwili wa mwanamke wakataa dawa ama vipi?

Sasa sikilizeni hapa. Dawa ukimeza hupita kwenye damu ikaingia kwenye nywele zinazoota, na nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hivyo unywele ni kama daftari. Wale watafiti wa Kisumu wakachukua wanawake 50 katika waliopewa doksi, sampuli 200 za nywele, wakapima. Zenye dawa zilikuwa 58 tu. Na hao hao walikuwa wakiulizwa wanasema wanatumia vizuri.

(Na kukubali tu kukatwa zile nywele ni jambo kubwa. Huku kwetu Pwani nywele si kitu cha kumpa mtu hivi hivi, bibi yangu akichana alikuwa azikusanya moja moja akaenda kuzifukia, asije mtu akazichukua kwa ubaya.)

Kuna watu walisoma hayo wakasema wanawake waongo. Mimi nakataa kabisa. Nimewahi kumgombeza mama mmoja kwenye utafiti wetu hapa hapa kisiwani, vidonge vyake vya PREP vilikuwa vimebaki karibu vyote, nikamwambia atuharibia kazi. Akanyamaza. Mwisho akaniambia kopo huliweka ndani ya debe la unga, kwa sababu likitikisika lalia, na mume akiliona atasema ni ARV, na debe lenyewe liko jikoni kwa mama mkwe. Sasa huyo atameza saa ngapi? Na angeniambia vipi, na mimi nilivyomkalia pale na kalamu na koti jeupe? Lile kosa lilikuwa langu, na bado laniuma.

Kliniki ya manispaa pale Ganjoni tangu 1993 kina mama wanaofanya biashara ya ngono walikuwa wakija kupimwa na kutoa sampuli mwezi baada ya mwezi, na mengi dunia inayoyajua leo kuhusu virusi vya ukimwi kwa wanawake yametoka kwao. Watu hawaji namna hiyo mahali wanapodharauliwa.

Siku hizi simuulizi mtu kama amemeza. Namuuliza kwanza dawa anaiweka wapi, na nani analala chumba hicho. Haya, mama wa buibui pale nyuma umeinua mkono kitambo, karibu uulize.